Kingo laini badala ya meno ya msumeno: kupunguza na kukuza picha kwa amri za terminali

Nembo ya shule ilinifikia kwa WhatsApp saa mbili usiku, na asubuhi yake ilitakiwa iwe kwa mchapaji ili ipigwe kwenye fulana arobaini za wanafunzi. Upana wake ulikuwa pikseli 220 tu. Niliivuta mpaka ukubwa uliotakiwa, nikaitazama kwenye skrini, nikaona inatosha, nikaituma. Fulana zilipokuja, duara la nembo lilikuwa na meno kama msumeno, na herufi za kaulimbiu zilionekana kana kwamba zimekatwa kwa panga. Watoto walizivaa hivyo hivyo mwaka mzima. Kila nilipokutana nao njiani nililiona lile duara kabla ya kuziona nyuso zao.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo, ni ya bure, na haihitaji kompyuta ya bei. Ni programu iitwayo ImageMagick, ambayo John Cristy aliianza mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi DuPont huko Marekani, na mpaka leo inaendelea kuboreshwa. Unaiandikia amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri za kompyuta, nayo inatenda. Amri iliyofanya vizuri kwa nembo moja utaiandika vilevile kwa picha mia tatu, na utajua ni kichujio gani kimetumika, yaani hesabu ipi imechanganya pikseli za zamani kupata mpya. Apu nyingi za simu zinakuficha jambo hilo, na hapo ndipo meno yanapozaliwa.

Kwenye Ubuntu au Debian, isakinishe kwa amri ya kwanza hapa chini. Kwenye Mac yenye Homebrew (programu ya kusakinishia programu nyingine), ya pili. Asiye na kompyuta anaweza kufanya karibu yote haya kwenye simu ya Android akiwa na Termux, apu inayoipa simu terminali: atumie ya tatu, kisha ya nne ili Termux iruhusiwe kuona picha zilizomo kwenye simu.

```
sudo apt install imagemagick
brew install imagemagick
pkg install imagemagick
termux-setup-storage
```

Andika `magick -version`. Ukijibiwa kwamba amri hiyo haijulikani, huenda una toleo la 6. Basi kila nitakapoandika `magick` wewe andika `convert`, na palipo na `magick identify` au `magick mogrify` ondoa neno la kwanza. Kwenye Windows usitumie `convert` kamwe, maana huko jina hilo lina mwenyewe: ni chombo cha mfumo cha kubadili muundo wa diski.

## Meno yanatoka wapi

Pikseli ni kijimraba. Mstari wa mshazari unapopita juu ya kijimraba, hufunika sehemu tu ya eneo lake. Kama kijimraba hicho kinaruhusiwa kuwa cheusi au cheupe peke yake, mstari unageuka ngazi. Kikiruhusiwa kuwa kijivu kwa kadiri ya sehemu iliyofunikwa, jicho linaunganisha vijivu hivyo na kuona ukingo laini. Ufundi wote uliobaki ni namna ya kuvipata vijivu hivyo kwa haki, au kutovipoteza.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Chora duara lisilolainishwa, kisha lipunguze kwa njia mbili:

```
magick -size 800x800 xc:white +antialias -fill black -draw "circle 400,400 400,40" duara.png
magick duara.png -sample 80x80 meno.png
magick duara.png -resize 80x80 laini.png
magick meno.png laini.png +append -scale 800% linganisha.png
```

Fungua `linganisha.png`. Kushoto utaona ngazi, kulia utaona ukingo wenye ukungu mwembamba wa kijivu. Huo ukungu, ukiirudisha picha kwenye ukubwa wake wa kweli, ndio ulaini wenyewe. Sasa hesabu rangi:

```
magick identify -format "%f: rangi %k\n" meno.png laini.png
```

Faili la `meno.png` litakwambia rangi 2. Tumetoka pikseli 800 kwenda 80, kwa hiyo kila pikseli mpya inasimama badala ya pikseli 100 za zamani. Amri ya `-sample` huchukua moja na kuzitupa 99 bila hata kuzitazama. Amri ya `-resize` huzipa zote uzito na kuzichanganya, hata za jirani. Ukitaka kuliona hilo kwa karibu kabisa, kata mstari mmoja wa pikseli na uusome kama namba:

```
magick laini.png -crop 80x1+0+10 -depth 8 txt:-
```

Shuka na namba zile taratibu. Nyeupe ni 255 na nyeusi ni 0. Karibu na pikseli ya 20 utaona namba za kati, ukingo ukishuka kama mtu anavyoshuka mteremko. Fanya vivyo hivyo kwa `meno.png`, na hapo 255 inafuatwa na 0 papo hapo.

Kosa hilihili ndilo linaloharibu picha za vitambaa. Kikoi chenye mistari myembamba, au kanga yenye pindo la vidotidoti, ikipunguzwa ovyo huota mawimbi ambayo hayako kwenye kitambaa, kwa kuwa mistari mingine imechukuliwa na mingine imerukwa. Mteja aliye mbali anadhani bidhaa ina kasoro. Muuzaji yeyote anayepiga picha zake vizuri anastahili zifike jinsi alivyozipiga.

## Hatua ya kwanza: dai picha kubwa

Hii ndiyo kazi nzima. Vijivu vya haki hutoka kwenye picha kubwa inayopunguzwa. Picha ndogo inayokuzwa haina cha kukupa. Programu itabuni tu.

Mwombe mwenye nembo aitume kama dokumenti, asiitume kama picha, maana WhatsApp huibana picha ya kawaida kabla ya kuituma. Muulize nani aliitengeneza. Mara nyingi yuko mchapaji wa zamani mwenye faili la CorelDRAW au la PDF, na simu moja inaokoa saa tatu za kazi. Ukipata PDF, igeuze kwa msongamano mkubwa. Ukipata SVG, yaani mchoro uliohifadhiwa kama mistari badala ya pikseli, umepata dhahabu, kwa sababu hiyo huchorwa upya kwa ukubwa wowote:

```
pdftoppm -r 600 -png -singlefile nembo.pdf nembo
rsvg-convert -w 2362 nembo.svg -o nembo.png
```

Amri hizi mbili hutoka kwenye vifurushi vya `poppler-utils` na `librsvg2-bin` kwa Ubuntu na Debian. Hiyo 2362 sikuitoa hewani: sentimita 20 kifuani, kwa nukta 300 kwa kila inchi, ni 20 gawanya kwa 2.54, mara 300.

Kama kilichopo ni karatasi tu, yaani barua yenye nembo juu au cheti cha zamani, iskani kwa nukta 600, kwa rangi au kwa kijivu. Usichague ule mpangilio wa skana wa maandishi meusi na meupe. Huo hutupa vijivu vyote mlangoni, na hakuna amri itakayovirudisha jinsi vilivyokuwa.

## Hatua ya pili: pima kabla ya kukata

```
magick identify -format "%f: %w x %h, rangi %k\n" nembo.png
```

Nembo nyeusi kwenye karatasi nyeupe ikionyesha rangi 2, meno yamo tayari. Utaweza kuipunguza ikalainika, lakini usiitumie kwa ukubwa wake wa sasa. Nembo hiyohiyo ikiwa JPEG na ikaonyesha rangi mamia, tazama kingo zake kwa karibu. JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana huacha vumbi la kijivu kuzunguka kila herufi. Lifute vumbi hilo wakati picha bado kubwa, kabla ya kupunguza:

```
magick nembo.jpg -level 8%,92% nembo-safi.png
```

Kilicho karibu na nyeupe kinakuwa nyeupe kamili, kilicho karibu na nyeusi kinakuwa nyeusi kamili, na vijivu vya kati vinabaki. Ukizidisha, tuseme 40% na 60%, umeyarudisha meno kwa mkono wako mwenyewe.

## Hatua ya tatu: punguza mara moja, kwa kichujio unachokijua

```
magick nembo-safi.png -filter Mitchell -resize 600x nembo-600.png
```

Hiyo `600x` inataja upana, na urefu unafuata wenyewe bila picha kubanwa wala kutanuliwa. Neno `-filter` lazima litangulie `-resize`. Likija baadaye halina kazi.

Usipotaja kichujio, ImageMagick hutumia Lanczos kwa kupunguza picha za kawaida, na Mitchell kwa kukuza au kwa picha yenye uwazi au yenye jedwali la rangi. Lanczos, kilichopewa jina la mwanahisabati wa Hungaria Cornelius Lanczos, kinakata vizuri mno na ndicho ninachokitumia kwa picha za watu, mandhari na vitambaa. Ila kwenye nembo yenye rangi bapa huacha mistari hafifu inayofuata ukingo kama mwangwi. Kwa picha ya harusi huuoni. Kwenye nembo ya kijani iliyokoza, huo mwangwi unaonekana kabisa.

Mitchell kimetokana na kazi ya Don Mitchell na Arun Netravali ya mwaka 1988. Walionyesha kwamba meno, ukungu na mwangwi vinavutana: ukibana kimoja, kingine kinachomoza, kwa hiyo unatafuta mizani. Mizani yao imeegemea katikati, na kwa nembo na maandishi sijapata sababu ya kuiacha. Matokeo yakionekana malegevu kidogo, jaribu `-filter Catrom`, chenye makali zaidi.

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui, nami nalipenda sana. Namba za picha hazilingani na kiasi cha mwanga. Ukichanganya nyeusi na nyeupe nusu kwa nusu kwa namba tupu unapata 128, lakini 128 kwenye skrini hutoa takriban 22% tu ya mwanga wa nyeupe. Nusu ya mwanga kwa kweli ni 188. Kwa hiyo picha ya taa za jiji usiku, au kanga yenye vidoti vyeupe kwenye nyeusi, ikipunguzwa kwa namba tupu hufifia na kuwa nzito. Ipeleke kwanza kwenye mwanga halisi, ipunguze, kisha irudishe:

```
magick kanga.jpg -colorspace RGB -resize 1200x -colorspace sRGB -quality 92 kanga-1200.jpg
```

Kwa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe nisingefanya hivyo. Vijivu vya ukingoni vinakuwa vyeupe zaidi, na herufi zinakonda mpaka zinasomeka kwa shida. Hapo `-resize` ya kawaida inatosha.

Na usipunguze picha iliyokwisha kupunguzwa. Ukihitaji 600, 300 na 100, zote tatu zitoke kwenye ile kubwa.

## Hatua ya nne: pindo jeupe

Mtu anataka nembo isiyo na mandharinyuma ili aiweke kwenye bango la bluu. Wengi huandika `-transparent white`, na nembo inatoka na pindo jeupe lenye meno kuizunguka. Sababu ni vile vijivu vyetu: amri hiyo huondoa nyeupe kamili tu, na pikseli za ukingoni zilizochanganyika na nyeupe zinabaki pale pale.

Nembo ya rangi moja ina njia safi kabisa. Weusi wenyewe ugeuzwe kuwa kipimo cha uwazi: palipo peusi pazibe, palipo peupe pawe wazi, palipo kijivu pawe nusu.

```
magick nembo-safi.png -colorspace Gray -negate -colorspace sRGB -background "#0b3d91" -alpha shape -filter Mitchell -resize 600x nembo-wazi.png
```

Badili namba ya rangi upendavyo. Ukingo unaopatikana hapa utakaa vizuri juu ya mandhari yoyote, kwa kuwa hauna chembe ya nyeupe ndani yake.

Nembo ya rangi nyingi ni kazi zaidi. Anza kumwaga uwazi kutoka pembeni, ili kurasa nyeupe za kitabu kilichochorwa katikati ya nembo zisitobolewe, kisha umega ukingo kidogo na kuulainisha, na mwisho ndipo upunguze:

```
magick nembo.png -alpha set -fuzz 12% -fill none -draw "alpha 0,0 floodfill" -channel A -blur 0x1.5 -level 50%,100% +channel -filter Mitchell -resize 600x nembo-wazi.png
```

Kwenye toleo la 6, neno `alpha` lililo ndani ya alama za kunukuu liwe `matte`. Hiyo `-level 50%,100%` ndiyo inayokula ile nusu ya nje ya ukingo, mahali pindo jeupe linapoishi. Pindo likibaki, ongeza 1.5 iwe 2.5, lakini ikiwa nembo ina mistari myembamba, itazame kwanza isije ikaliwa yote.

## Hatua ya tano: ndogo inayotakiwa iwe kubwa

Umetafuta, umepiga simu, hakuna. Ipo ile ya pikseli 220 tu. Hapa usiikuze na kuiacha hivyo. Ichore upya kwa mistari. Programu ni potrace ya Peter Selinger, na ndiyo hiyo Inkscape inayoitumia ndani yake kufuatisha picha.

```
magick nembo.jpg -colorspace Gray -filter Catrom -resize 400% -threshold 50% nembo.pbm
potrace nembo.pbm -s -o nembo.svg
rsvg-convert -b white -w 2362 nembo.svg -o nembo-kubwa.png
```

Amri ya kwanza inaonekana kama inakwenda kinyume na yote niliyosema, kwa sababu inavitupa vijivu kwa makusudi. Lakini tazama mpangilio wake. Kwanza tunakuza mara nne vijivu vikiwa hai, na kila kijivu kinatueleza ukingo ulipita wapi ndani ya kijimraba chake. Ndipo tunakata katikati. Ukikata kwanza kisha ukuze, umeua ushahidi kabla ya kuusikiliza, na potrace itazifuata ngazi kwa uaminifu wake wote.

Potrace huona nyeusi na nyeupe peke yake, basi nembo ya rangi tatu itenganishe mara tatu. Na maandishi madogo hayatafufuka. Herufi yenye kimo cha pikseli saba imeshapoteza umbo lake. Tafuta fonti inayofanana nayo uandike kaulimbiu upya juu ya mchoro. Mwonyeshe mwenye nembo kabla ya kuchapa, maana hilo ni jina lake unaloliandika kwa mkono wako.

Picha za watu usizipeleke huko. Ikiwa ndogo, ichapishe kwa ukubwa inaoumudu.

## Hatua ya sita: kuhifadhi, na folda nzima

Nembo ihifadhi kama PNG. JPEG yenye ubora chini ya 90 kwenye ImageMagick hupunguza pia taarifa za rangi, na ukingo wa nyekundu kwenye nyeupe unavuja. Ukilazimika, andika `-quality 92 -sampling-factor 4:4:4`. GIF haina nusu ya uwazi: pikseli iko wazi au imeziba, basi meno yanarudi.

Kwa folda nzima:

```
mkdir tayari
magick mogrify -path tayari -filter Mitchell -resize "600x600>" *.png
```

Usisahau `-path tayari`. Bila hiyo, `mogrify` huandika juu ya picha zako za asili, na zile kubwa ulizozitafuta kwa jasho zinatoweka. Alama ya `>` inasema zipunguzwe zilizozidi tu, ndogo zisiguswe. Lazima iwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo terminali itaielewa kama agizo la kuandika kwenye faili jingine.

Limebaki neno moja la mwisho, la mchapaji wa fulana anayetumia skrini, yaani fremu ya kitambaa inayopitishia wino. Yeye hachapi kijivu. Wino upo au haupo. Kwake peleka weusi mtupu kwa nukta 600, yaani pikseli 4724 kwa sentimita 20:

```
rsvg-convert -b white -w 4724 nembo.svg -o kwa-skrini.png
magick kwa-skrini.png -threshold 50% -units PixelsPerInch -density 600 kwa-skrini-600.png
```

Meno yapo, ila kila moja lina upana wa takriban milimita 0.04, jembamba kuliko uzi wa fulana yenyewe. Kabla ya kumkabidhi, chapisha moja kwenye karatasi kwa ukubwa kamili, ibandike kifuani mwa fulana, simama hatua mbili, na ulitazame duara.